Karafuu Mlango Mmoja, Mchele Milango Yote

ZUWENA: Assalaam aleikum wasikilizaji, karibuni tena barazani kwetu, Chake Chake. Leo Hamad kaingia na mfuko wa mchele mkononi, nikadhani katumwa dukani na mama watoto.

HAMAD: Sikutumwa, nimeuleta kwa kazi. Humu mna aina mbili, nimezifunga mbalimbali. Tia mkono uniambie.

ZUWENA: Huu mapembe, mchele wa meli, huu hata kipofu anaujua. Na huu… huu wa kwetu. Una chuya.

HAMAD: Wa bondeni, wa ami yangu. Msimu uliopita kavuna mapolo saba, magunia saba hayo. Mawili wamekula, moja kaweka mbegu, manne yamelala ukumbini mpaka leo yanangoja mnunuzi.

ZUWENA: Yanangoja mnunuzi au yanangoja bei?

HAMAD: Hapo umenishika. Yanangoja bei. Wanunuzi wanakuja, wanapima kwa mapembe. Wanamwambia dukani polo la nje linauzwa kadha wa kadha, wewe wako tutaulipia zaidi vipi? Na yeye anawauliza: mimi nimeburuga, nimepanda, mama watoto kaamia ndege mwezi mzima kwa makopo na kombeo, leo nilipwe sawa na mchele uliopanda meli?

ZUWENA: Ana haki. Lakini na mimi nisemee wenzangu tunaonunua. Mimi bonde sina. Mshahara ukiingia naanza na polo, ndio mengine yafuate. Likipanda bei kidogo tu, nyumba nzima inajua.

HAMAD: Ndiyo maana nikataka tulizungumze hili. Kwa sababu bei ya hili polo haipangwi hapa Chake, na wala si Unguja peke yake.

ZUWENA: Haya, tuanze na ushuru, maana watu wanautaja tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Mchele umewekwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti: asilimia 75. Yaani mchele wa shilingi mia ukifika bandarini unadaiwa sabini na tano juu yake. Lengo lilikuwa kuwakinga wakulima wa Mbeya, Kilombero, Mwea kule Kenya, na wengineo.

HAMAD: Na ami yangu.

ZUWENA: Na ami yako, kwenye karatasi. Ila visiwa hivi havijitoshelezi kwa mchele hata kidogo, tunachokula kingi kinakuja na meli. Ukitoza sabini na tano kamili, wali unakuwa chakula cha harusi. Kwa hiyo Zanzibar imekuwa ikipata nafuu, inatoza chini ya hapo kwa mchele wa kuliwa humu humu visiwani.

HAMAD: Humu humu. Lisisitize hilo.

ZUWENA: Nalisisitiza, kwa sababu mchele huo ukivuka kwenda Bara unatakiwa ulipiwe ile tofauti ya ushuru. Na ndipo zinapozaliwa njia za panya, majahazi ya usiku, na wakulima wa Bara kulalamika kwamba Zanzibar ndiyo tundu la mchele rahisi. Wao wanatuona sisi ndio adui, na huku ami yako anaumizwa na mchele ule ule.

HAMAD: Halafu kuna jambo limenikaa kichwani tangu juzi. Kilimo si jambo la Muungano, Zanzibar ina wizara yake. Ushuru wa forodha ni wa Muungano. Basi anayemwambia ami yangu "lima" yuko hapa, na mlango unaoamua kama atauza una funguo mbili, moja iko mbali.

ZUWENA: Na ukipewa ufunguo huo wewe, utafanya nini? Utafunga?

HAMAD: Nisingefunga, ningeurudishia kidogo tu. Ushuru upande kidogo miezi ile mpunga wa masika unapovunwa, kama Julai, Agosti, halafu ulegezwe ghala zikianza kukauka.

ZUWENA: Kwa mdomo ni rahisi. Mwagizaji anaagiza mchele miezi kabla. Meli iko baharini, wewe umebadilisha ushuru. Atakayelipa ni nani? Mimi tena, mwenye mshahara.

HAMAD: Basi atangaziwe mwaka mzima mbele, ajue.

ZUWENA: Hilo nakubali. Shida kubwa si kiwango, ni ghafla. Bara mwaka 2013 walitoa vibali vya kuingiza mchele bila ushuru kwa sababu bei ilipanda. Mchele ukafika, bei ya mkulima ikaanguka, na watu walikwishakopa kulima. Na mahindi ndiyo usiseme: mwaka 2011 yalizuiwa kutoka nje ya nchi, mwaka 2017 yakazuiwa tena, ikasemwa anayetaka kuuza nje auze unga. Mkulima wa Rukwa atapata wapi mashine ya unga wa kuuza nje?

HAMAD: Kenya nao mwezi Machi 2021 wakayafungia mahindi ya Tanzania na Uganda, wakisema yana sumu kuvu, ile sumu ya ukungu. Siku chache wakafungua kwa masharti. Siku chache kwa aliye ofisini. Kwa mwenye lori mpakani Namanga, mahindi yanapata joto ndani ya turubai, hiyo si chache.

ZUWENA: Na mwaka 2025 Malawi ikazuia mchele na unga wetu miongoni mwa vitu vingine, Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao yao na ya Afrika Kusini, halafu wakazungumza, Tanzania ikaondoa zuio lake. Tuyaache hayo, turudi kwenye hili polo. Msikilizaji mmoja katuuliza: mbona bei ilipanda sana ile 2023 na meli zilikuwa zinakuja?

HAMAD: India. Tarehe 20 Julai 2023 Serikali yao ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati. Na India peke yake inauza kama asilimia 40 ya mchele wote unaovuka mipaka duniani. Mvua zao hazikukaa vizuri, bei za ndani zinapanda, uchaguzi mwaka unaofuata. Wakawalinda watu wao kwanza.

ZUWENA: Ungekuwa wewe?

HAMAD: Ningefanya vile vile, sisemi uongo. Lakini angalia yaliyofuata. Mwezi wa nane mchele duniani ukafika bei ambayo haikuonekana kwa miaka kumi na tano. Thailand na Vietnam nao wakapandisha, maana wateja wote wamewakimbilia wao. Zuio likaondolewa mwisho wa Septemba 2024, kwanza kwa sharti usiuzwe chini ya dola 490 kwa tani, na Oktoba hata sharti hilo likaondoka.

ZUWENA: Na ami yako mwaka ule aliuza?

HAMAD: Aliuza wote! Ndio ule mwaka aliotia bati jipya jikoni. Akaona mambo si haya, mwaka uliofuata akakodi na jaruba la jirani. Alipovuna, India imeshafungua.

ZUWENA: Astaghfirullah.

HAMAD: Hakuna aliyemwambia. Redio inatangaza bei ya karafuu, haimwambii mkulima wa mpunga kama New Delhi wamefungua mlango.

ZUWENA: Sasa umeitaja karafuu, na mimi nilikuwa naingoja. Mpemba huyu huyu ana mikarafuu juu kilimani na mpunga chini bondeni. Karafuu akiichuma, akaianika, mnunuzi ni mmoja kisheria: Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC. Akiipeleka Shimoni, Kenya, kwa mashua ni magendo.

HAMAD: Na bei anatangaziwa.

ZUWENA: Anatangaziwa. Wakati Dk. Shein alipokuwa Rais wa Zanzibar, Serikali ilisema mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na kweli bei ilipanda sana, magendo yakapungua. Sitaki kuwa mtu wa kulaumu tu. Lakini tazama alivyosimama mtu huyu: anachouza kina mlango mmoja, anachoshindana nacho kina milango yote. Karafuu yake inalindwa isitoke, mpunga wake haulindwi na kinachoingia.

HAMAD: Na mzani wake wa kweli ni mmoja tu: kilo ya karafuu inaleta kilo ngapi za mchele. Wazee wote wa Pemba wanapima hivyo.

ZUWENA: Bibi yangu alikuwa akipima hivyo mpaka anakufa. Na alikuwa akitusimulia mwanzoni mwa miaka ya sabini, Serikali ilipobana chakula cha kutoka nje ili watu wajitegemee. Foleni za mchele. Watu wakala muhogo, majimbi, mashelisheli, wali ukawa wa mgonjwa. Anasema mtoto akilia usiku anaota wali. Mpaka miaka ya themanini, Mzee Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar, ndipo wafanyabiashara wakafunguliwa kuagiza. Ndiyo maana, Hamad, ukisema tufunge bandari ili mkulima auze, kuna watu bado wana ile njaa mwilini.

HAMAD: Sikusema tufunge.

ZUWENA: Najua. Nakukumbusha tu.

HAMAD: Basi na mimi nikukumbushe. Bonde la ami linategemea mvua. Trekta la kuburuga lilipokuja mvua ilikwishapita wiki mbili, akapanda amechelewa. Makwararani na Mlemele, hapa hapa Pemba, wamejengewa miundombinu ya umwagiliaji, kama Cheju na Kibokwa kule Unguja. Mwenye maji anavuna mara mbili, gharama yake kwa polo inashuka, anaweza kutazamana na mapembe. Asiye na maji hata ushuru uwe asilimia mia, atauza nini?

ZUWENA: Hapo tumekubaliana, na si kawaida yetu. Tusikie ujumbe wa mwisho. Mama mmoja wa Micheweni anasema: "Wanangu, nina mapolo matatu ya mpunga, sijakoboa. Niuze sasa au ningoje Ramadhani?"

HAMAD: Mama, usikoboe kwanza. Mpunga unakaa, mchele unaingia wadudu. Na ukiuza, usiuuze kama mapembe. Tafuta wenye harusi na khitma, wanaotaka mchele mpya wenye harufu. Mimi ningengoja.

ZUWENA: Wewe ungengoja kwa sababu huna deni dukani. Mama, ukiwa nalo, uza polo moja ulipe, mawili yafunge uyaweke juu ya mbao, panya wasiyafikie. Kisha kabla ya Shaaban kuingia tupigie, tukuulizie bandarini Wete na Mkoani meli zimeshusha kiasi gani.

HAMAD: Na huo mchele wangu nirudishie.

ZUWENA: Mapembe chukua. Huu wa ami unabaki hapa.