Kutu Si Rangi ya Chungwa

ZUHURA: Karibuni tena. Mwenzangu Baraka wiki nzima anachora kiwanda kilichofungwa, kwa rangi za maji za kwenye kompyuta kibao, na tangu juzi ni malalamiko tu. Haya, toa ya moyoni.

BARAKA: Dada, dohani ipo, paa lipo, mihimili ipo. Lakini nikiutazama mchoro naona kadi ya harusi. Kila kitu laini, kila kitu kinang'aa!

ZUHURA: (anacheka) Niliuona. Kutu uliipa rangi gani?

BARAKA: Chungwa. Nikaimwaga ukuta mzima.

ZUHURA: Hapo ndipo ulipojikwaa. Unajua zile rangi za udongo za wachoraji, okra na sienna? Zimepata rangi yake kwenye oksidi za chuma, na kutu nayo ni ukoo huohuo. Yaani mchoraji wa karatasi akichora bati lililooza, anapaka karibu kitu kilekile anachokitazama. Mimi hilo hunifurahisha mno.

BARAKA: Nami nina kioo tu.

ZUHURA: Kioo hakina chembe za rangi, basi zitie wewe. Anza na tabaka jepesi la okra. Juu yake sienna iliyochomwa, katika hali ya kuzidisha, ile ambayo rangi ya juu huitia giza ya chini bila kuifunika. Kisha tafuta brashi inayoacha ukingo mzito, maana rangi ya maji ikikauka chembe zake hukimbilia pembeni. Ukingo huo usipokuwepo, jicho halikubali kwamba hapa palilowa.

BARAKA: Na michirizi?

ZUHURA: Fuata mvua. Michirizi huanzia kwenye kichwa cha ribiti, ile pini ya chuma inayounganisha mabati, au pale mabati yanapopandana na maji yakatuama, halafu inashuka ikififia. Wewe umenyunyiza tu kama mtu anayetia chumvi.

BARAKA: Nimekoma! Ila kwenye paa nina la kusema. Lile la meno ya msumeno: mwanga wote niliutia upande wa vioo, kwa kuwa ni vioo. Kumbe kwa kawaida vioo vile vilipewa jua kisogo kwa makusudi, kaskazini kwa nchi za kaskazini mwa ikweta, kusini kwa zile za kusini, ili mfumaji apate mwanga mtulivu bila kuchomwa. Jua linapiga upande ule mwingine!

ZUHURA: Eeh! Hilo programu haikuambii.

BARAKA: Nilijiuliza tu, humu watu walikuwa wanafanya nini?

ZUHURA: Mtazame Turner, mchoraji wa Uingereza, na ule mchoro wake wa mji wa Dudley, Uingereza, mnamo 1832 hivi. Ni rangi za maji: moto wa viwandani chini, ngome iliyobomoka juu. Moshi unamfutia nusu ya kingo zake. Wewe kiwanda chako kimezimwa, moshi huna, kwa hiyo kingo ziache kali na masizi yabaki mdomoni mwa dohani. Halafu niambie kweli: ulibonyeza kitufe cha kurudisha nyuma mara ngapi?

BARAKA: Dada, kwa dohani peke yake? Niliacha kuhesabu.

ZUHURA: Ndiyo maana imekuwa safi hivyo. Wiki hii kitufe hicho usikiguse.

BARAKA: Na rangi ikimwagikia anga?

ZUHURA: Iache, tutaitazama wote kipindi kijacho.