Miaka 12 na nusu: mazungumzo yangu na wanaokaribia kustaafu, Morogoro

Wakubwa zangu shikamoni. Wa rika langu habari za toka asubuhi, na nyie vijana marahaba, maana nimewaona mnasalimia kwa macho tu. Asante mwenyekiti kwa kunipa nafasi. Nimeambiwa niongelee kikokotoo, yaani ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya kustaafu, nikasema sawa ntaongea, ila sitakiongelea kikokotoo peke yake, kwa sababu mtu akifika miaka 58 au 59 akaanza kulala na hesabu kichwani anakua haulizi hela tu, anajiuliza pia hii miaka yote nilikua nafanya nini na ilikua kwa ajili ya nani.

Mimi nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka 34. Nimestaafu 2020. Mdogo wangu, tumbo moja, mwalimu pia, kastaafu 2023. Kazi ileile, mshahara tumepishana kidogo sana, mwajiri mmoja, ila mafao yetu ukiyaweka mezani utadhani mmoja alikua kazini na mwingine alikua anapita tu njiani. Hilo ndo lililonifanya nikae chini na daftari.

Sasa tuchukue kalamu. Msiogope, ni hesabu ya darasa la saba. Chukua mwalimu mwenye mshahara wa 1,200,000 kwa mwezi, tuchukulie haukubadilika miaka yake mitatu ya mwisho, na kachangia miaka 30, yaani miezi 360. Mshahara wa mwaka ni 14,400,000. Kwa kanuni ya zamani ya sisi tuliokua PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na wenzetu wa LAPF, ule wa serikali za mitaa, unazidisha na 360 unagawa kwa 540, unapata 9,600,000, hiyo ndo pensheni yako kamili ya mwaka. Nusu yake unalipwa kidogo kidogo kila mwezi, ambayo ni laki nne, na nusu nyingine unaizidisha mara 15.5 unapewa kwa mkupuo, 74,400,000. Umeona.

Ikaja 2018 mifuko ikaunganishwa, PSPF, LAPF, GEPF na PPF zikawa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, NSSF ikabaki na sekta binafsi, na kanuni mpya zikasema unagawa kwa 580 sio 540, unazidisha mara 12.5 sio 15.5, na mkupuo ni robo tu, asilimia 25. Mwalimu yule yule, chaki ile ile, mkupuo unakua 27,931,000 na ushee. Kila mwezi anapata kama 558,000. Mnakumbuka kelele za mwaka ule, mpaka Desemba 2018 Rais Magufuli akakaa na vyama vya wafanyakazi Ikulu akasimamisha, tukarudi kwenye ya zamani, na mimi ndo nikapitia hapo. Halafu Julai 2022 ikaja asilimia 33, mkupuo wa huyo mwalimu wetu ukawa kama 36,869,000 na kwa mwezi 499,000. Mdogo wangu yuko hapo. Mwezi wa sita 2024 Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba kwenye bajeti akapandisha mpaka 40 kwa waliokua na 50 zamani, na 35 kwa wale ambao toka mwanzo walikua na 25. Hapo kwa 40 mwalimu wetu anachukua 44,690,000 na kwa mwezi 447,000 hivi.

Watu wengi wanaishia hapo, wanalinganisha mikupuo wanalia. Mi nataka twende mbele hatua moja. Ukitoka 33 kwenda 40 unaongezewa 7,821,000 mkononi, na kila mwezi unakatwa 52,000. Gawa hiyo ya kwanza kwa hiyo ya pili. Inakuja 150. Miezi 150 ni miaka 12 na nusu kamili, ile 12.5 ya kwenye kanuni. Yaani kikokotoo ni mnada, unauza mapato yako ya kila mwezi na wananunua kwa bei ya miezi 150. Ukistaafu na 60 ukafariki na 70 uliyeuza umepata, ukifika 80 uliyeuza umepoteza. Hamna siri nyingine mle ndani. Anayekwambia asilimia ndogo ni wizi mtupu hajagawa, na anayekwambia asilimia ndogo ni faida kwako naye hajakuuliza kama una miaka 12 na nusu ya kusubiri.

Ila sasa linganisha yangu ya zamani na hii ya 40. Mkupuo umepungua 29,710,000. Kwa mwezi kilichoongezeka ni 46,900. Gawa. Miezi 633. Miaka 52 na kitu. Mtu inabidi afike miaka 112 ndo aseme sasa tumelingana. Hapo ndo naposema kwa nafsi yangu, na nasema nikiwa mnufaika wa ile ya zamani, kwamba hayo sio mabadiliko ya mgawanyo, hapo kuna kitu kimeondolewa kabisa, ile 540 kwenda 580 na 15.5 kwenda 12.5 imepunguza keki yenyewe. Serikali ilipokua inaelezea ilikua inaelezea kisu tu, mkato wa mkupuo na mkato wa mwezi, keki haikuongelewa sana. Hilo mimi sikulipenda na mpaka leo silipendi, mfanyakazi ni mtu mzima, angeambiwa.

Na kwanini keki ipunguzwe? Hapa naomba mnisikilize vizuri maana sitaki mtoke hapa mnatukana tu. Sisi watumishi wa serikali kabla ya Julai 1999 tulikua hatuchangii. PSPF ilivyoanza ikabeba watu wenye miaka kumi, ishirini kazini ambao hawajawahi kuweka hata senti, na ikawalipa kama vile walichanga, kwa ahadi kwamba serikali itafidia. Fidia ikachelewa miaka na miaka, deni likafika trilioni 4.6, na mwisho wa 2021 ndo serikali ikatoa hatifungani maalum isiyo taslimu, yaani karatasi ya ahadi ya kulipa badala ya hela mkononi, ya trilioni 2.17 kupunguza. Kwa hiyo mfuko ulikua hoi kweli. Ulikua hoi kwa sababu aliyeahidi kulipa hakulipa kwa wakati, na pia kwa sababu kanuni ya 15.5 na nusu mkupuo ilikua tamu kuliko kilichochangwa, asilimia 20 ya mshahara, yetu 5 na ya mwajiri 15. Yote mawili ni kweli. Mi nimefundisha hesabu siwezi kuwadanganya kwamba keki ilikua haiishi. Ninachokataa ni kwamba anayekuja kuziba pengo awe yule mwalimu wa 2023 ambaye hakuwepo kwenye kikao chochote wakati pengo linachimbwa.

Haya, tuachane na hesabu.

Zamani tuliita kiinua mgongo. Mimi nimekulia kwa wakulima milimani huko Uluguru, mnajua shamba la mteremko, unainama toka alfajiri, mgongo unaganda, halafu jua likishakua kali unasimama unashika kiuno unanyoosha, unaangalia kule ulikotoka, unaona kumbe nimelima mpaka pale. Hiyo dakika ndo kiinua mgongo. Aliyelibuni hilo neno alikua anajua kazi. Saa hizi tunasema mafao, tunasema mkupuo, na neno likiondoka na fikra zake zinaondoka.

Sasa niulize, mwalimu akisimama anaangalia nyuma anaona nini? Kwa wengi wetu anaona pagale. Alinunua kiwanja Kihonda mwaka ule bei ikiwa ya chini, akafyatua tofali likizo moja, likizo nyingine akapandisha ukuta, akafika lenta akakwama, mtoto kaingia sekondari, mama kaugua, na lenta ikakaa miaka tisa inanyeshewa, popo na vichaka ndani. Na kila akiulizwa anasema nasubiri kiinua mgongo. Mi ndo nilikua hivyo. Ile hela yangu ilivyoingia kitu cha kwanza ilikua bati na mbao, sikununua gari, sikufungua mradi. Nimeezeka nikiwa na miaka 60 nyumba niliyoanza na miaka 41.

Ndo maana wale wataalamu wakisema wastaafu wanafuja hela, wanaoa wake wadogo, wanafungua biashara wasizozijua, mkupuo unaisha mwaka mmoja, mi huwa naumia. Wapo, ndio. Mwenzangu mmoja tuliyestaafu mwezi mmoja aliweka karibu yote kwenye kuku wa mayai, ugonjwa ukapita banda likaisha kwa wiki mbili, na presha ikamchukua kabla mwaka haujaisha. Nilimzika na mpaka leo nikisikia jogoo namkumbuka. Lakini jiulizeni kwanini mtu anajifunza biashara kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60. Ni kwa sababu ile ndo mara ya kwanza maishani ameshika hela iliyozidi matumizi ya mwezi. Miaka 30 mshahara unaingia tarehe 24 tarehe 2 umeisha, na wengine haukuingia hata mkononi maana kadi ya benki iko kwa mkopeshaji, wale wa kausha damu, kashika kadi na namba ya siri, anatoa yeye kwanza halafu anakurudishia cha kununulia unga. Mwalimu mzima anaomba nauli kwa mtu aliyeshika kadi yake. Nimeyaona haya kwenye ofisi ya walimu, sijahadithiwa.

Kwa hiyo maoni yangu mimi binafsi, na mwenyekiti ameniruhusu niyaseme kama maoni yangu: ugomvi wa 25 au 33 au 40 ni ugomvi wa mlango wa mwisho. Kiinua mgongo tumekitwika mzigo ambao ulitakiwa ubebwe na mshahara, mkopo wa nyumba wa riba ya kibinadamu, na bima ya afya inayoeleweka. Mtu akiingia miaka 60 ana paa juu ya kichwa na hadaiwi na mtu, hata ukimpa mkupuo wa robo hatapiga kelele sana, atafurahia ile ya kila mwezi kwa sababu ile ya kila mwezi haifi na kuku. Ukimfikisha 60 na pagale na kadi iko rehani, hata ukimpa 50 inapita tu mkononi. Serikali ikitaka tukubali pensheni ya mwezi badala ya mkupuo, na kiuchumi iko sahihi kuitaka, ianzie kwa mwalimu wa miaka 30, isimsubirie mlangoni.

Na kuna jambo lingine linanikosesha usingizi kuliko kikokotoo. Mama yangu. Amelima mpaka miaka 80 na kitu, hakua na mfuko, hakua na mwajiri, hakuna aliyemzidishia mara 12.5. Watoto aliowalisha ndo waliofundisha, ndo walinzi, ndo manesi wa nchi hii. Zanzibar walianza Aprili 2016, kila mzee wa miaka 70 na kuendelea anapewa pensheni jamii, hata kama hajawahi kuajiriwa, ilianza 20,000 kwa mwezi ikapandishwa mpaka 50,000. Watu wakicheka kwamba 50,000 ni nini, mi nawaambia kamuulize bibi asiye na kitu. Ni sukari, ni dawa ya miguu, ni kumpa mjukuu mia mbili ya daftari bila kuomba. Heshima ya mzee mara nyingi iko hapo, kwenye kuwa na kitu cha kutoa. Bara hatuna pensheni ya kila mzee na sisi tulio na mifuko tukikutana tunaongelea asilimia zetu tu. Hata mimi nilikua hivyo, nilianza kumuangalia mama kwa jicho hilo nikiwa nimeshastaafu.

Mnaniuliza basi nini maana. Nilivyostaafu miezi ya kwanza nilikua naamka saa kumi na moja navaa shati nakaa kitandani. Hakuna kengele. Mke wangu akawa ananiangalia hasemi. Ile pensheni ilikua inaingia vizuri tu, tarehe haikosi, lakini nilikua nasikia kama nimefutwa ubaoni. Siku moja mtoto wa jirani akaja na sehemu, robo na theluthi, hazimuingii. Nikamkatia chungwa. Kesho yake wakaja wawili. Saa hizi jioni barazani kwangu wanakaa kumi na kitu kwenye mkeka, silipwi, na wazazi wengine wananiletea ndizi au kuni. Yule wa kwanza kafika form two. Na barazani pale ni chini ya lile bati nililoezeka kwa kiinua mgongo, kwa hiyo hela ile ipo, ukija utaiona imekaa juu ya vichwa vya watoto mvua ikinyesha.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nina makaratasi ya ile hesabu, nimeandika kwa mkono, chukueni mpige na mshahara wa kwako mwenyewe, msipige na wa kwangu, na mkipata namba mkae na mke au mume muiangalie wote wawili kabla haijaingia benki. Sasa maswali. Kuna mama pale mstari wa pili amenyoosha mkono toka nilivyotaja kadi za benki, karibu dada yangu, simama tu hapo hapo, utasikika.