Mimea Vamizi ya Pwani: Imetoka Wapi, na Imeingia Mara Ngapi?

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu wa Tanga, asanteni kwa kujitokeza.

Mmeniita tuzungumze habari za mimea vamizi ya pwani. Naanza na mgeni aliyetulisha, yaani mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Mingi ilifia njiani. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Humo ndimo yalimotoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika ishike nafasi ya kwanza duniani kwa mkonge.

Mtazame mkonge uliokwisha kutoa mlingoti wa maua. Maua yakipukutika, kwenye vitawi huota vimche, kila kimoja na majani yake na vijizizi tayari, kisha vinadondoka. Mbegu ni nadra, kwa sababu mkonge una seti 5 za kromosomu, yaani nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni za urithi; ili mbegu iundwe seti hizo lazima zigawanyike nusu kwa nusu, na 5 haigawanyiki hivyo. Kile kimche ni mama yake yuleyule, jeni kwa jeni. Kwa hiyo anayesema mmea wenye tofauti chache za kijenetiki hauwezi kuenea, mpelekeni shambani akajionee.

Mkonge ulienea kwa mkono wa mtu. Nyasi za Spartina, zinazoota kwenye matope ya chumvi, zilikwenda mbali zaidi ya walivyotaka watu. Spartina ya Marekani ilifika kusini mwa Uingereza kwa meli mwanzoni mwa karne ya 19, ikakutana na Spartina ya Ulaya. Karibu na Southampton, mwaka 1870, ikarekodiwa chotara yao. Ilikuwa tasa, maana kromosomu za baba na za mama hazikuweza kujipanga jozi kwa jozi. Lakini kabla karne haijaisha, kromosomu zile zikajirudufu, kila moja ikapata mwenzake, na mmea uliokuwa tasa ukaanza kutoa mbegu. Hapo ikazaliwa spishi mpya kabisa, Spartina anglica. Ikapandwa hadi Australia na New Zealand ili ishike udongo wa pwani, nayo ikavamia matope ambako ndege walikuwa wakitafuta chakula.

China nao mwaka 1979 walichukua ile Spartina ya Marekani, tena kutoka majimbo matatu tofauti: North Carolina, Georgia na Florida. Huko kwao jamii hizo ziliishi mbali na mwenzake. China zikapandwa pamoja, zikachavushana, na nyasi hizo zikaja kutanda makumi ya maelfu ya hekta.

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Nasikia sana kauli hii: "Mmea huu si tayari upo? Mche mwingine utaongeza madhara gani?" Unaweza kuongeza mengi. Mche kutoka nchi nyingine huja na jeni ambazo ule wa hapa hauna: pengine kuvumilia chumvi, pengine kuchanua mapema. Ukichavushana na wa zamani, watoto wanaweza kurithi yote. Tanga ni mji wa bandari. Kwenye ukaguzi wa miche na mbegu, jina la spishi pekee halitoshi. Tuulize imetoka wapi.

Chukueni lantana, ile ya maua ya manjano katikati na waridi pembeni, ambayo wengi mmeipanda uani. Jani lake linakwaruza, ukilifikicha linanuka vikali, na vitunda vyake vikiiva vinakuwa vyeusi. Ndege hula, na mbegu huangukia wanakotua. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, lakini hii ya bustanini ni zao la kuchanganywa kwa muda mrefu na wapanda maua wa Ulaya waliokuwa wakitafuta rangi mpya. Ndiyo maana lantana mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana hata idadi ya kromosomu.

Katika nchi kadhaa wamejaribu kuidhibiti kwa kuachia wadudu wanaoila. Mdudu anaishambulia aina moja vizuri, ya pili anaigusa kidogo, ya tatu anaipita. Kwa hiyo kabla mtu yeyote hajatuletea wadudu Tanga, kwanza zipimwe jeni za lantana ya hapa, ya Pangani na ya njia ya Amani, tujue ni aina ngapi. Wakati tunasubiri, wenye kuipenda uani waikate kila inapochanua, kabla haijashika tunda.