Msiniulize shule imefaulisha wangapi, niulizeni darasa lina wangapi

Wazee wangu shikamooni, wazazi wenzangu habari za Jumamosi. Nimepewa dakika kumi na mwenyekiti ameshika simu anahesabu, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mimi nimefundisha hesabu shule ya msingi hukuhuku Mbagala, Dar, mpaka nimestaafu. Januari 2016, elimu bila ada ndo imeanza, wazazi walijaa ofisini wengine na cheti cha kuzaliwa wengine na kadi ya kliniki tu, daftari la kuandikishia likaisha tukahamia kwenye karatasi. Nilifurahi jamani, mtoto aliyekuwa anauza karanga stendi namuona mstarini! Ila darasa ni lilelile. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa chumba kimoja, mimi nilikuwa nao 140. Dawati la watatu wanakaa watano, yule wa pembeni nusu yuko hewani, akichoka anashuka chini anaandikia gotini.

Sasa pigeni hesabu, daftari 140, kila moja dakika moja, hapo ni masaa mawili na dakika ishirini na hilo ni somo moja la siku moja. Kiukweli nilikuwa natia vema bila kusoma. Nakiri, mnisamehe. (Watu wanacheka.)

Na ile ruzuku ya serikali kwa shule, kila mtoto wa msingi alipangiwa shilingi 10,000 kwa mwaka, 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika 6,000, yaani mia tano kwa mwezi. Chapati moja hiyo! Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kikivunjika ni humohumo.

Madarasa yamejengwa, sikatai, hela ya UVIKO ilikuja, ya BOOST, ule mradi wa serikali wa shule za msingi, nayo ikaja. Lakini sensa ya 2012 Dar tulikuwa karibu milioni 4.4, ya 2022 tukawa karibu milioni 5.4, na hao wote wanaotafuta chumba cha bei nafuu wanaishia wapi kama sio huku kwetu?

Ndo maana matokeo ya la saba yakitoka mkianza kusema shule fulani imefaulisha fulani imefeli mimi nanyamaza tu. Januari 2023 NECTA, yaani Baraza la Mitihani, walivyoacha kutangaza shule kumi bora watu walinuna, mimi nikasema afadhali. Asilimia ya ufaulu inahesabu waliokaa kwenye mtihani. Yule aliyeandikishwa la kwanza akapotelea la nne, akawa anapiga debe stendi ya Rangi Tatu, hayumo. Kwa hiyo mkija kikao cha shule mwombeni mwalimu mkuu namba mbili tu, la kwanza waliingia wangapi, na walewale la saba wamefika wangapi, na waliohama wawekwe pembeni. Zimo kwenye madaftari yake, sio siri.

Haya, mwenyekiti ananionyesha simu. Yule baba wa nyuma amenyoosha mkono tangu kwenye chapati, karibu baba.