Mkufunzi, Usajili wa Chuo Si Usajili Wako

SALMA: Mwangaluka wasikilizaji wetu, Tabora mjini, Nzega, Urambo mpaka Kaliua. Mimi ni Salma, niko na kaka yangu Kulwa. Leo ni zamu ya wakufunzi wa vyuo na usajili wao wa kitaaluma.

KULWA: Mwangaluka, dada. Nianze na linalowachanganya wengi. Mkufunzi anakwambia, "Chuo chetu kimesajiliwa NACTVET, mimi wasiwasi wa nini?" Huo ni usajili wa chuo. Wewe unayesimama darasani una wako, kwa jina lako na sifa zako.

SALMA: NACTVET ndiyo Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi.

KULWA: Lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997 likiitwa NACTE, baadaye likaongezewa ufundi stadi. Kwa hiyo mkufunzi wa VETA, wa chuo cha afya, wa Chuo cha Reli, wa Chuo cha Nyuki, hili linakugusa. Walioko chuo kikuu, kama AMUCTA pale, wao wanasimamiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu.

SALMA: Haya, sifa.

KULWA: Elimu yako iwe juu ya ngazi unayofundisha. Huwezi kufundisha stashahada, yaani NTA ngazi ya 6, na wewe mwenyewe umeishia stashahada. Halafu kuna mafunzo ya ufundishaji, na hapo ndipo wataalamu wetu wazuri wanapokwama.

SALMA: Hapo nataka tukae, kaka. Tabora ni mji wa reli. Kuna fundi ameshinda karakana miaka na miaka, injini ikinguruma tu anakwambia inaumwa wapi. Anapewa darasa. Anajaza ubao, vijana wananakili, kipindi kimekwisha. Sasa mtaala wa umahiri unataka kijana mwenyewe ashike spana, afungue breki ya behewa, aifunge tena, na wewe uko pembeni na karatasi ya vigezo unampima hatua kwa hatua. Hapa amekosea mpangilio, hapa amesahau usalama. Kazi hiyo inasomewa. Ujuzi wa karakana peke yake hautoshi.

KULWA: Na si kumvunjia heshima fundi. Ni kumsaidia ujuzi wake ufike kwa kijana.

SALMA: Kabisa. Na vyeti?

KULWA: Viwe halali, vihakikiwe. Mnakumbuka Aprili 2017, taarifa ya uhakiki ilitaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tangu hapo hakuna anayepokea cheti kwa macho tu. Cha kidato cha nne kinahakikiwa NECTA, Baraza la Mitihani. Shahada uliyosomea nje ya nchi ipeleke TCU itambuliwe mapema, usingoje mpaka ukwame.

SALMA: Wanawake wenzangu, majina! Cheti cha kidato cha nne kinasema Hadija, cha chuo Khadija, kitambulisho cha NIDA kimeongeza jina la mume. Ni wewe huyo huyo, lakini kwenye mfumo mnaonekana watu watatu. Tofauti ya herufi, nenda kwa wakili ukaape. Kama umebadili jina kabisa, tengeneza hati ya kubadili jina na uisajili.

KULWA: Kuna wanaosema yote haya ni gharama na usumbufu.

SALMA: Mzazi wa Urambo amehangaika na tumbaku msimu mzima, kalima, kachuma, kakausha, ili alipe ada ya mwanawe. Ana haki ya kujua anayemfundisha mtoto ana sifa. Kwangu hiyo ndiyo faida ya kwanza, mengine yanafuata.

KULWA: Na yanafuata kweli. Chuo kikikaguliwa kwa ajili ya ithibati, sifa za wakufunzi zinaangaliwa. Ukiwa umesajiliwa, chuo kinakuhitaji, na hata ukihama huanzi kujieleza upya. Ila muuguzi anayefundisha, leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga inabaki palepale. Mhandisi vivyo hivyo na bodi yake. Moja haifuti nyingine.

SALMA: Kuna msikilizaji ametuandikia. Mwajiri wake ameshikilia vyeti vyake halisi tangu alipoajiriwa, na sasa anavihitaji kwa usajili.

KULWA: Hilo linaniuma. Cheti ni mali ya aliyekisomea. Mwajiri anahitaji kukiona na kubaki na nakala iliyothibitishwa na wakili, basi. Ndugu yetu, omba kwa barua, siyo kwa mdomo. Taja kila cheti na namba yake, eleza unavihitaji kwa usajili, nakala ya barua igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

SALMA: Na asiporudishiwa?

KULWA: Aende ofisi ya kazi ya mkoa na nakala hiyo mkononi.

SALMA: Asante, kaka. Wiki ijayo tutazungumza mikataba ya wakufunzi wa muda.