Nusu milimita inavyopotosha momenta ya chembe

Haya, angalieni ubaoni. Nimechora upinde na kamba yake. Upinde ndo njia ya chembe yenye chaji ikipita kwenye sumaku, na huo mwanya kati ya kamba na tumbo la upinde ndo tunaupima tupate momenta, yaani wingi wa mwendo wake. Chembe yenye momenta ndogo inajipinda sana, yenye kubwa inakaribia kunyooka.

Tuweke namba sasa. Detekta ya ALICE, chombo cha kunasa chembe zinazotoka kwenye migongano ya viini vya atomi pale CERN, maabara ya chembe huko Ulaya, ina silinda ya gesi yenye urefu wa mita 5 hivi, nguvu ya sumaku ni nusu tesla, na chembe tunaifuata humo kama mita 1.6. Chembe ya GeV 1 (GeV ndo kipimo chetu cha momenta) inatoa tumbo la karibu sentimita 5, ya GeV 10 milimita 5 tu, ya GeV 50 milimita 1, yaani nyembamba kuliko hii sarafu niliyoshika!

Na chembe yenyewe hatuioni, tunaona elektroni ilizong'oa kwenye gesi, zinavutwa na umeme wa volti 400 kwa kila sentimita mpaka mwisho wa silinda, safari ya hadi mita 2.5. Tunahesabu kana kwamba zimekuja moja kwa moja, kumbe hapana, manake ioni, yaani atomi zilizopoteza elektroni, zinazorudi kwenye gesi kutoka huo mwisho wa silinda zinatembea polepole mno, elektroni inamaliza safari ndani ya mikrosekunde 100 hivi lakini ioni inataka karibu sehemu ya tano ya sekunde, kwa hiyo gesi inabaki imejaa chaji ya migongano maelfu iliyopita na inazisukuma elektroni pembeni hata sentimita kadhaa.

Ingekuwa nukta zote tulizopima kwenye njia ya chembe zinahama sawasawa tumbo lisingebadilika. Ila karibu na kitovu zinasukumwa zaidi, upinde unaharibika umbo.

Dawa yake ni ramani. Kuna vipimaji vya silikoni upande wa ndani wa gesi na vipimaji vya aina nyingine upande wa nje, tunaunganisha njia kati yao halafu tunaangalia kila kisehemu cha gesi kimekosea kiasi gani, na ramani inabidi ibadilishwe kila mara kwa sababu chaji yenyewe haitulii.

Sasa tuseme ramani imebakiza kosa la nusu milimita, na tunatumia gesi peke yake. Kwa GeV 10 hiyo ni asilimia 10 nzima! Na hapa ndo naombeni msikilize vizuri: chanya na hasi zinajipinda pande tofauti ila zimesukumwa upande mmoja, kwa hiyo moja tumbo linanenepa, nyingine linapungua, momenta ya moja inashuka ya mwenzake inapanda. Kukusanya data zaidi hakusaidii chochote, kosa linabaki palepale.

Kulinasa kosa hilo, mi huwa nakimbilia kaoni isiyo na chaji, chembe inayovunjika kuwa chembe mbili nyepesi zaidi ziitwazo pioni, chanya na hasi. Masi yake inajulikana, MeV 498 (MeV ni sehemu ya elfu ya GeV), na tunaihesabu kutoka momenta za hizo pioni mbili. Tenga zile ambazo pioni chanya imebeba momenta zaidi na zile ambazo ni hasi, chora kilele cha masi cha kila kundi, vikiachana rudi kwenye ramani.