Inazunguka au Haizunguki?

Mhadhara kwa madereva na mafundi vijana, Chang'ombe, Dar es Salaam

Asante mwenyekiti. Wakubwa zangu, shikamooni. Na nyie vijana, marahaba, nachukulia mmeshaniamkia kimoyomoyo.

Nimepewa mada ya njia za kuwasha injini, za zamani na za sasa. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka, wanajua nitaishia kwenye betri. Ni kweli. Nitaendelea kuishia hapo mpaka siku mtu wa mji huu gari lake likigoma alfajiri, asianze kwa kupiga simu Gerezani, kwa wauza spea, kuulizia bei ya betri. Kabla ya bei kuna swali: inazunguka au haizunguki? Ukipiga stata, injini inazunguka? Mtu hajajibu hilo, tayari anahesabu pesa.

Injini ya mafuta haijianzishi. Lazima iwepo nguvu ya nje iizungushe kwanza, ivute hewa na kuibana, ndipo moto upate pa kushika. Hilo mnalijua, silirudii. Ninachotaka mkione ni kwamba hizi njia zote tunazoziita nyingi, kazi yake ni moja, kuizungusha. Kinachobadilika ni nani anazungusha.

Zamani alizungusha utingo. Wazee mnazikumbuka Land Rover zile, pale mbele chini ya grili kuna tundu. Utingo anashuka na hendeli, anaichomeka hadi inase kwenye krankshafti, mhimili mkuu wa injini, dereva yuko juu na swichi yake. Sasa sikilizeni namna ya kushika. Dole gumba halikumbatii chuma, linalala upande mmoja na vidole vingine. Na unavuta kupanda juu, husukumi kushuka. Kwa nini? Plagi ikichoma mapema, pistoni haijafika kileleni, injini inarudi kinyumenyume na hendeli inarudi nayo. Kama umeikumbatia, inaondoka na dole gumba. Kama ulikuwa unaisukuma chini kwa uzito wa mwili, inakupiga kifundo cha mkono, na bahati mbaya ikizidi inakupiga taya. Ford Model T, ile ya mwaka 1908, ilikuwa na kijiti chini ya usukani, upande wa kushoto, cha kuchelewesha moto wa plagi. Unakipandisha kwanza, ndipo unakwenda mbele kuzungusha. Aliyesahau kijiti alirudi nyumbani mkono umening'inizwa shingoni.

Kijana pale nyuma anamnong'oneza mwenzake, najua anachosema: mzee huyu hendeli anaipeleka wapi, gari langu la kubonyeza kitufe. Subiri, baba. Mtu wa hendeli hakuhitaji kuambiwa na fundi kama injini inazunguka. Alilipata jibu mkononi. Aliujua mgandamizo wa kila silinda, akijua hii imelegea, ile imekaza. Kitufe kimekuondolea taabu na kimekuondolea habari pia. Ndiyo maana siku hizi mtu anauziwa chochote.

Sasa huyo aliyetutoa kwenye hendeli. Dayton, Ohio, kule Marekani, alikuwepo mhandisi, Charles Kettering. Kabla ya magari alifanya kazi National Cash Register, watengenezaji wa mashine za fedha za madukani, na kule alitengeneza mota ndogo ya umeme ili muuzaji asizungushe mashine kwa mkono. Wengi wakati ule walishapiga hesabu ya stata ya umeme wakasema haiwezekani, mota yenye nguvu ya kuzungusha injini itakuwa kubwa mno kubebeka. Na kwa mota ya kufanya kazi kutwa nzima, walikuwa sahihi! Kettering akaona kwamba stata haifanyi kazi kutwa. Inafanya kazi sekunde chache tu, kisha inapumzika. Basi mota ndogo unaweza kuitwisha mzigo unaozidi sana uwezo wake, mradi usiing'ang'anie. Henry Leland wa Cadillac akaichukua, na Cadillac za mwaka 1912 zikatoka na stata ya umeme. Model T ilikaa na hendeli yake hadi 1919 ndipo ikaanza kupewa stata.

Mmeisikia hiyo sentensi ya katikati? Usiing'ang'anie. Stata iliyo kwenye Vitz yako leo imejengwa kwa hesabu ileile ya Kettering, ni mota ndogo inayoonewa kwa makusudi. Halafu wewe unashika ufunguo, rrrr-rrrr-rrrr, mpaka harufu inatoka chini ya boneti. Sekunde kumi zisifike. Achia, ipumzike nusu dakika au zaidi, ndipo urudie. Ukiona mara tatu haijawaka, acha, tatizo haliko kwenye muda wa kushikilia.

Stata hiyohiyo ilisaidia kuyamaliza magari ya umeme ya enzi zile, kwa sababu mojawapo ya sifa zao kubwa ilikuwa kutohitaji hendeli. Sasa yanarudi, bajaji za umeme mnaziona, na treni ya SGR inakwenda Dodoma bila cha kuwasha. Ila tusipotee.

Njia nyingine nazipitia haraka. Waingereza walikuwa na trekta, Field Marshall, dizeli ya silinda moja, unaweza kuiwasha kwa risasi. Sitanii. Ni fataki kama ya bunduki ya kuwindia. Unaiweka mahali pake, unagonga kwa nyundo, gesi inasukuma pistoni. Wajerumani na Lanz Bulldog yao, unapasha moto kichwa cha injini kwa jiko la kupuliza, halafu unachomoa usukani wenyewe na mhimili wake, unauchomeka kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini, unaizungusha nao. Magreda ya zamani ya Caterpillar yalikuwa na injini ndogo ya petroli pembeni, kazi yake kuwasha injini kubwa ya dizeli. Na hiyo ndogo nayo unaiwasha kwa mkono. Meli zinazotia nanga hapo nje, injini zile kubwa zinaanzishwa kwa upepo uliobanwa kwenye matangi hadi kama baa 30, unaachiwa ndani ya silinda moja kwa moja. Jenereta la dukani unavuta kamba. Bodaboda anapiga kiki. Mkono, baruti, upepo, mguu. Kazi ileile.

Na kusukuma. Hapa lazima nisimame kidogo, maana kuna watu wanapoteza jasho bure. Gari la gia za mkono unalisukuma. Fungua swichi, kanyaga klachi, ingiza gia ya pili, likishika mwendo achia klachi, magurudumu yanaizungusha injini. Gia ya pili, maana ya kwanza inakaba mno na tairi zinaweza kuserereka. Gari la otomatiki hulisukumi likawaka. Gia zake zinashikwa kwa msukumo wa oili, na pampu ya oili hiyo inaendeshwa na injini, ambayo imezima. Magurudumu yanazunguka, injini haina habari. Lakini kila wiki pale Buguruni utakuta wanaume sita nyuma ya IST ya otomatiki, wanahema, na mmoja anapiga kelele, "Ongeza mwendo!" Ongezeni tu, mtafika Tazara mnasukuma.

Haya, betri.

Mama mmoja jirani yangu, Tabata, ana Noah. Alikuja jioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vipi?"

"Gari. Nimeambiwa sasa ni alternata."

Hilo neno "sasa" likanistua. Kumbe ameshanunua betri mpya. Ikawa nzima siku chache, ikagoma. Akauziwa stata, iliyotumika, kutoka Japani. Ikagoma. Sasa alternata, ile ya kuchaji betri. Nikamwuliza swali langu: ukipiga, inazunguka? "Inalia tu, tak, halafu kimya." Taa za dashibodi? "Zinawaka vizuri."

Nikachukua mita. Betri imelala, volti 12.6, yaani imejaa. Nikamwambia apige stata, mita ikiwa kwenye vichwa vya betri: 11.8. Betri imesimama imara, haina kosa. Ndipo nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma cha injini chenyewe. "Piga." Volti 4! Hapo panatakiwa pasizidi nusu volti. Volti 4 zinapotea njiani, stata inabaki na chini ya 8, inabonyea tu, haina nguvu ya kuzungusha. Waya wa ethi, ule unaotoka betri kwenda kwenye gia boksi, mwisho wake wa chini umeota unga wa kijani chini ya bolti. Juu unang'aa. Fundi anatazama juu. Tukafungua bolti, tukapiga msasa hadi chuma kikaonekana, tukarudisha tukakaza, grisi kidogo juu yake. Ikawaka.

Sasa najua mnachotaka kunipinga nacho, maana nimepingwa nacho hata na mafundi wakubwa: "Lakini mzee, yule mama alikuwa akibustiwa gari linawaka! Likibustiwa likawaka, betri si ndiyo mbovu?" Vizuri. Kubusti ni kuazima umeme wa betri ya gari jingine kwa nyaya. Waliombusti waliweka klipu nyeusi wapi? Kwenye chuma cha injini. Kwa hiyo umeme ulirudi kupitia waya wa kubustia, ukaukwepa ule waya wa ethi uliooza. Lazima liwake! Kubusti hakukuthibitisha kwamba betri ni mbovu, kulithibitisha kwamba umeme ukipewa njia nyingine ya kurudia, gari linawaka. Hiyo ni kununua simtanki jipya wakati bomba ndilo limeziba. Stata inakula ampia mia na zaidi. Kwa ampia 150, kutu yenye omu 0.02 tu, kitu ambacho mita ya kawaida haikuonyeshi hata ukipima, inameza volti 3. Ndiyo maana napima wakati stata inavuta. Gari likiwa limelala, waya mbovu na waya mzima wanafanana.

Sikatai kwamba betri hufa. Joto la Dar linazimaliza mapema, betri ya hapa haikai kama ya Makete kwenye baridi. Lakini yenyewe ina dalili zake. Betri ikiwa dhaifu, stata inalia tatatata mfululizo na taa zinafifia kila inapolia. Solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, inavuta, volti zinaanguka, inaachia, zinapanda, inavuta tena. Tak moja na taa ziko imara: nenda kwenye stata yenyewe na nyaya zake. Kimya kabisa, taa haziyumbi: swichi, au gia haiko P, au gari halijautambua ufunguo. Na ikizunguka kwa kasi ila haishiki moto, jamani, betri na stata waache wapumzike, tafuta mafuta na umeme wa plagi.

Kuhusu kubusti, mpangilio: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu kwenye chanya ya nzima, nyeusi kwenye hasi ya nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Klipu ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na betri inapumua haidrojeni. Kubandua, rudi kinyume chake. Nimeona betri imepasuka usoni mwa mtu, sitaki kusimulia.

Muda unaniishia, nakimbia. Dizeli: haina plagi ya moto, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo subiri taa ya springi, ile ya hita za kupasha silinda, izime, hasa mkiamkia kwenye baridi ya Njombe. Msipulizie ile dawa ya kuwashia kwenye dizeli yenye hita, inalipuka kabla ya wakati wake. Dizeli ikiishiwa mafuta kabisa njiani, ukijaza bado haitawaka, ina hewa. Toa hewa kwa pampu ya mkono kwanza. Gari la kitufe, rimoti imeisha betri: Toyota nyingi, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe, bonyeza. Taa ya breki ya nyuma ikiwa haiwaki, gari huenda halijui umekanyaga, usimlaumu mtu wa rimoti. Prius, ile haibridi ya petroli na umeme: haina stata tunayoijua, mota ya umeme ndiyo inazungusha injini, lakini bila ile betri ndogo ya volti 12 kompyuta haiamki na gari limekufa, hata betri kubwa ikiwa imejaa. Mengine ya haibridi niliyaandika hapa, nayaacha.

La mwisho siliachi, kwa sababu masika hayako mbali. Umevuka maji Jangwani au Mkwajuni, gari limezimika katikati. Hapo sitaki kabisa ujue kama inazunguka. Usipige stata, hata mara moja. Kama maji yamefika kwenye kichungio cha hewa, huenda yameingia kwenye silinda, na maji hayabanwi kama hewa. Pistoni inapanda inakutana nayo, fimbo ya pistoni inapinda. Injini ambayo ingehitaji kukaushwa tu inakuwa ya kutupwa. Livuteni mpaka pakavu. Fungua kichungio, gusa kwa mkono. Kikiwa kimeloa, toa plagi zote, kwa dizeli toa hita au nozeli, zima mafuta na umeme wa plagi, ndipo upige stata kidogo huku umesimama pembeni, maji yaruke kupitia matundu. Badilisha oili pia, ikiwa ya rangi ya chai ya maziwa hapo hakuna mjadala.

Mwenyekiti ameshasimama. Maswali, karibuni. Mwenye Prius anifuate nje, anifungulie boneti.